Msaada: asembli ya mashine ya mkonge inavurugika kila nikibadili upana wa fremu

Pongwe_Chuma: Wakuu, salaam. Nachora korona ndogo (mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge) ya wakulima wadogo kwa karakana moja hapa Pongwe, Tanga. Natumia SolidWorks, programu ya kuchora mashine kwa kompyuta. Vipande ni kama 180 pamoja na bolti, vyote kwenye asembli moja, yaani faili linalounganisha vipande kuwa mashine. Nikipanua fremu kutoka milimita 600 kwenda 650, zaidi ya nusu ya vifungo (amri zinazoshikanisha kipande na kipande) vinageuka vyekundu, yaani vina kosa, na ngoma inayobeba visu inatokeza nje ya kava. Halafu faili likienda kompyuta ya karakana, vipande vingine havionekani. Nianzie wapi?

Nguvumali_Michoro: Kipande gani kiliingia cha kwanza?

Pongwe_Chuma: Ngoma. Kisha fremu, nikaifunga kwenye matundu ya beringi.

Nguvumali_Michoro: Ndiyo hapo, mkuu. Kipande cha kwanza ndicho kinachogandishwa, kwa hiyo mashine nzima inaning'inia kwenye kitu kinachotakiwa kuzunguka. Vipande vyenyewe havina kosa, fungua tu asembli mpya. Ingiza fremu kwanza, na usibofye popote kwenye skrini: bofya tiki ya kijani, itakaa yenyewe kwenye sifuri. Fremu ya engo iliyochomelewa iwe faili moja, na uichore imegawanyika sawasawa na bapa la katikati, ule uso wa kufikirika unaopita katikati yake. Hapo 650 itaongeza milimita 25 kila upande na katikati haihami.

Ngoma, shafti na visu viwe asembli ndogo ya peke yake. Ukiiingiza, funga bapa la katikati ya ngoma kwenye bapa la katikati ya fremu. Usifunge kwenye kingo wala kona zilizolainishwa. Kipimo kikibadilika ukingo unapotea na kifungo kinakufa nao.

Beringi ndizo zinazosumbua wengi. Kama ni UCP 208, aina ya beringi yenye kitako cha kufungwa kwa bolti, shafti ni milimita 40 (tarakimu mbili za mwisho zidisha kwa 5). Ukizifunga zote mbili kwa bolti kwenye fremu, kisha ukalazimisha shafti ipite katikati ya zote, tofauti ya nukta kidogo tu inatosha kuleta wekundu. Matundu ya UCP yameachwa marefu ili fundi asogeze, lakini programu haisogezi kitu. Funga beringi ya pili kwenye shafti na kitako chake juu ya fremu, basi. Matundu ya bolti kwenye fremu yafuate beringi.

Mama_Vipimo: Naongezea kwa kaka hapo juu. Asembli ndogo huingia ikiwa ngumu kama jiwe, kwa hiyo kama sahani ya kukamulia majani imo ndani ya mojawapo, haitasogea mpaka uiruhusu asembli ndogo hiyo kujongea. Sahani iwekee kifungo chenye kikomo cha chini na cha juu, la sivyo siku moja utaiburuta hadi ndani ya visu. Na tafadhali, usichore uzi halisi wa bolti. Bolti mia za namna hiyo zitaichosha kompyuta bure.

Pongwe_Chuma: Nimeelewa, dada. Na vipande vinavyopotea?

Mama_Vipimo: Asembli haibebi vipande, inabeba anwani zake tu. Ukinakili faili moja kwenye flashi umeacha mengine nyumbani. Tumia Pack and Go, amri inayokusanya faili zote pamoja, na weka tiki kwenye bolti za maktaba ya programu. Acha majina kama Part1 pia: faili jingine la jina hilo likiwa wazi, programu inaweza kuchukua hilo. Ulizia na toleo la karakana. Kama ni la zamani, wapelekee STEP, aina ya faili inayofunguka kwenye programu nyingi, ingawa huko vifungo vyote vinakufa.

Nguvumali_Michoro: Ukimaliza, kagua migongano, yaani vipande vinavyoingiliana. Bolti zitapiga kelele nyingi, zipuuze kwanza. Tazama visu na kava. Na ukague ngoma ikiwa pembe tofauti tofauti, maana ukaguzi wa kawaida unaona pale iliposimama wakati huo tu.