Wembe wa babu unang'oa ndevu badala ya kunyoa: ninunue kinoo gani?

MjukuuWaKibokoni

Asalaam aleikum wajuzi. Nimerithi wembe wa marehemu babu, ule wa kukunja, mpini wa pembe, na kwenye chuma pamechorwa Solingen, ule mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe. Babu alikuwa akijinyoa barazani kila Ijumaa asubuhi, bakuli la maji ya moto ubavuni, na sisi wajukuu tunakatazwa kusogea. Sasa uko kwangu na mie nataka kuutumia, si kuuweka kabatini.

Ulikuwa na kutu kidogo kwenye kisigino, mwisho wa makali ulio karibu na mpini. Nikaisugua ikatoka. Kisha, kwa akili yangu ndogo, nikachukua jiwe la jikoni la mama, lile la kijivu lenye bonde katikati kama mtumbwi, nikanoa vile ninavyonoa kisu cha samaki. Nilikandamiza hasa. Leo wembe haukati, unang'oa. Shavu la kushoto limekwaruzika mpaka bi mkubwa akaniuliza nimegombana na nani.

Kwenye intaneti naambiwa ninunue mawe matano: 1000, 3000, 5000, 8000 na 12000 (namba ikipanda, chembe za jiwe ni ndogo zaidi). Mmoja anasifu jiwe la Ubelgiji, mwingine la Japani. Mfuko wangu ni elfu nane, na mke hajui kuhusu hiyo elfu nane. Nianze na lipi? Na yule bwana wa baiskeli anayepita mtaani na gurudumu la kunolea, nimpe?

KinyoziBondeni

Wa aleikum salaam. Wa baiskeli mpe visu na mapanga, wembe usimpe. Mie niliwahi kumpa mmoja wangu. Gurudumu likapiga cheche, na ukingo wa wembe ukageuka buluu. Hiyo buluu ni chuma kimeungua, ugumu wake umekwenda na haurudi kwa jiwe lolote. Bwana mwenyewe alikuwa mwema, hata pesa hakutaka, lakini wembe ulikufa siku ile.

Kuhusu mawe sikufai sana. Dukani tunavunja nyembe za karatasi katikati, nusu moja kwa mteja mmoja, na anaona mwenyewe ikifunguliwa. Kwa ajili ya maradhi. Wa babu yako ubaki wako peke yako.

SeremalaMajengo

Mwanangu, mawe matano ni ushauri wa muuza mawe.

Kazi yote iko kwenye 1000. Hapo ndipo ubavu wa kulia na wa kushoto wa makali hukutana. Mawe yanayofuata hayakutanishi kitu, yanafuta tu mikwaruzo ya jiwe lililotangulia. Ukipeleka 12000 kwenye makali ambayo hayajakutana, umepiga vanishi mlango usiofungika. Na wewe, kwa hilo jiwe la mama, makali umeyaviringa. Lazima urudi chini uanze upya.

Tafuta jiwe la maji lenye nyuso mbili, 1000 upande mmoja na 6000 upande wa pili. King wa Japani analo, na mie patasi zangu nanolea hilo hilo. Lizamishe majini mpaka povu dogo dogo liache kutoka. Mafuta usilipake hata siku moja. Ukipata pesa baadaye ongeza 8000, shavu litakushukuru. Hilo la Ubelgiji, coticule, ni jiwe la asili kutoka milima ya Ardennes, lina chembe za ganeti, madini magumu, ndani yake na ni zuri kweli. Ila kila kipande kina tabia yake, na anayeanza hawezi kujua kosa ni la mkono au la jiwe.

Halafu kuna jambo ambalo watu wanalipuuza: jiwe jipya laweza kuja si bapa. Lichore mistari ya penseli, huku na huku kama wavu. Tandika msasa wa maji juu ya kipande cha kioo kinene, lowesha, sugua jiwe mpaka mistari yote ifutike. Mstari ukibaki katikati, pana bonde. Kisu kinavumilia bonde, wembe hauvumilii.

MjukuuWaKibokoni

Ahsante ami. Sasa msasa wa 2000 ninao, wa rafiki yangu anayepaka magari rangi. Si ni mlaini kuliko hilo jiwe la 1000 mara mbili? Niutumie huo nisinunue jiwe?

SeremalaMajengo

Namba za msasa na namba za mawe ya Japani ni vipimo viwili tofauti. Chembe za msasa wa 2000 ni kama maikroni 10 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Za jiwe la 1000 ni kama 14. Basi umezidi kidogo tu. Jiwe la 8000 liko kwenye maikroni moja na kitu. Na msasa ni laini chini, hubonyea, ukaviringa makali tena. Wa rafiki yako tumia kusawazishia jiwe.

Ukinoa, mgongo na makali vyote vilale juu ya jiwe kwa pamoja. Ndivyo wembe ulivyoundwa, mgongo ndio unaoshika pembe, wewe huna la kupima. Bandika tepu ya fundi umeme mgongoni usilike. Kwenye jiwe makali yatangulie, kwenye ukanda wa ngozi, ule wa kulainishia makali baada ya jiwe, mgongo utangulie. Ukikosea hapo pa ngozi utaukata ukanda, na makali yatakufa.

KinyoziBondeni

Naongeza moja la Mji wa Kale wa Mombasa: maji ya kisima usitumie. Yana chumvi, na wembe wa chuma cha zamani ukilala na chumvi usiku mmoja unaamka na madoa. Tumia ya mvua, au ya chupa. Ukimaliza ukaushe, upake tone la mafuta ya cherehani, na usiuweke bafuni.

MjukuuWaKibokoni

Nimerudi. Jiwe nimelipata la King, la 1000 na 6000, na chenji imebaki ya kununulia halua ya nyumbani, kwa hiyo siri imekaa vizuri. Nimelisawazisha, lilikuwa na bonde kweli, mistari ya katikati iligoma kufutika kwa dakika kumi. Nimepitisha wembe kwenye 1000 kama mara sitini. Nitajuaje yamekutana? Naogopa kupima kwa kidole.

SeremalaMajengo

Kidole kiache. Paka wino wa kalamu isiyofutika kwenye makali, pande zote mbili, kisha pitisha mara tano bila kukandamiza. Wino ukibaki mahali, jiwe halijafika hapo. Halafu simama chini ya taa, elekeza makali juu. Ukiona uzi wa mwanga, huo ni ubutu. Makali yaliyokutana hayang'ai, hayaonekani.

MjukuuWaKibokoni

Wino umetoka kote, isipokuwa kisiginoni pale palipokuwa na kutu. Upana wa punje ya mchele hivi. Niende 6000?

SeremalaMajengo

Bado. Mara ishirini zaidi kwenye 1000, uzito wa wembe wenyewe unatosha. Kisha wino tena.

MjukuuWaKibokoni

Punje imekuwa nusu punje. Naendelea.