7.50R16, 235/85 au 265/75? Tairi na rimu za Land Cruiser HZJ75 ya 1993

Kifaru75
Wakuu salaam. Nina HZJ75 ya 1993, injini 1HZ, bado inatembelea rimu zake za pete (zile zenye pete ya chuma inayofunguka kutoa tairi) na 7.50R16 za tyubu. Tairi zimebaki vipara, mbili zimeanza kupasuka ubavuni, na tarakimu 4 za mwisho kwenye ubavu zinasoma 1412, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2012. Kwa hiyo nabadili zote 5, spea ikiwemo.

Najiuliza hivi: nirudishie 7.50R16 zilezile na rimu zilezile, nihamie 235/85R16 kwenye rimu za chuma zisizo na pete, au nichukue 265/75R16 na rimu za aloi? Gari ni la kazi. Lami na changarawe wiki nzima, mwisho wa mwezi napakia mpaka springi zinalala. Tope msimu wa mvua, mchanga mara chache. Naombeni uzoefu wenu, si picha za gari zilizooshwa.

FundiChuma
Mkuu, anza na rimu, tairi litafuata. Rimu yako ya pete ina upana wa inchi 5.5. Hapo 7.50R16 inakaa vizuri. 235/85 inataka kuanzia inchi 6 mpaka 7.5, na 265/75 inataka 7 mpaka 8. Atakayekwambia anaweza kukubania 265 kwenye hiyo rimu yako, mwachie mlango ujifunge nyuma yake.

Halafu piga hesabu ya kimo. 235 ni upana kwa milimita, 85 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. 235 mara 0.85 ni 199.75, mara mbili 399.5, jumlisha rimu ya inchi 16, yaani 406.4: milimita 806. Fanya hivyohivyo kwa 265/75 unapata 804. Tofauti ni milimita 2 tu! 7.50R16 nayo imo humohumo. Kwa hiyo spidomita haitakudanganya kwa yoyote kati ya hizo 3, na giya zitabaki na nguvu ileile. Ukiruka kwenda 285/75 (834) ndipo sahani ikisema 100 wewe uko 103 na ushei, na 1HZ isiyo na tabo utaisikia ikilalamika mlimani.

Kinachobaki kubishaniwa ni upana na uzito.

Bi_Changarawe
Mimi nilikaa na rimu za pete miaka 9, sitazisema vibaya bila sababu. Pancha porini nilikuwa nafungua mwenyewe kwa tairi liva 2 na nyundo, bila mashine ya mtu. Hilo ndilo zuri lake na ni kubwa.

Ubaya wake nao nauleta. Siku moja nilipata pancha 2 ndani ya saa 3, tairi moja, mahali pamoja. Kufungua mara ya pili, nikapitisha mkono ndani polepole. Hakuna mwiba. Kumbe fundi aliyefunga tairi jipya aliacha karatasi ya kiwandani imebandikwa ndani, kama kiganja cha mtoto, na kona yake iliyokauka ilikuwa inasaga tyubu kila gurudumu linapozunguka. Tyubu imechubuka mpaka unaona mwanga upande wa pili. Tangu siku hiyo nikifunga tyubu nabandua kila kitu, napaka poda, na naangalia ule mkanda wa mpira unaolala juu ya rimu kama haujakunjika.

Jingine: ukipunguza upepo kwa ajili ya mchanga, tairi linateleza juu ya rimu na kuivuta tyubu. Valvu inang'oka. Ukiona valvu imeanza kulala upande, ujue safari imebaki fupi.

Lumo_4x4
Hajasema lile la kuogopesha. Pete! Pete ikiwa na kutu au haijakaa kwenye mfereji wake, ukijaza upepo inaruka kama panga lililorushwa. Wanaojua wanajazia ndani ya kizimba cha chuma, au angalau wanapitisha mnyororo kuzunguka gurudumu na kusimama mbali na uso wa pete. Na kabla hujaipiga nyundo kuifungua, toa sindano ya ndani ya valvu kwanza upepo wote uishe. Usiseme "umebaki kidogo tu". Kidogo hicho ndicho kinachovunja taya.

MchangaMtupu
Natofautiana kidogo na mnakoelekea. Mnataka kumpa jamaa 235 kwa sababu ni za kazi. Sawa, lakini 265 ikishushwa upepo mpaka psi 18 inaelea juu ya mchanga mahali 235 inachimba kaburi. Na aloi za 265 zinapatikana kila kona.

FundiChuma
Ukishusha upepo, alama ya tairi chini inarefuka zaidi kuliko inavyopanuka. 235 nayo ukiishusha mpaka 18 inarefuka vizuri, nimeendesha. Nakubali 265 ina unafuu kwenye mchanga, ila amesema mwenyewe mchanga ni mara chache. Kwenye tope lenye sakafu ngumu chini, tairi jembamba linakata linafika kwenye ugumu, pana linapakata tope na kuteleza juu yake. Na usukani wa gari lisilo na pawa? Geuza 265 ukiwa umesimama uje unisimulie mabega.

Tazama pia namba ya mzigo. 265/75R16 zinauzwa za aina 2 zinazofanana sura. Moja ina 116, yaani kilo 1,250 kwa tairi. Nyingine ina herufi LT (tairi la gari dogo la mizigo) mbele na 123, kilo 1,550. 235/85 za LT nyingi ni 120, kilo 1,400. Ukipakia ekseli ya nyuma ibebe tani 2, kila tairi lina tani 1, kwa hiyo kwa makaratasi zote zinatosha. Ila ile ya 116 ubavu wake ni mwepesi, jiwe moja lenye ncha linamaliza habari. Usiangalie saizi peke yake.

Kifaru75
Asante. Pawa ninayo, ila nimekuelewa. Na rimu zenyewe? Jirani ana seti ya rimu za chuma za Nissan Patrol, stadi 6, anasema zinaingia.

Lumo_4x4
Zitaingia kwa sababu duara la stadi ni lilelile, milimita 139.7. Lakini tundu la katikati la Patrol ni 110, na rimu nyingi za Toyota za stadi 6 ni 106. Rimu itabaki inaning'inia kwenye nati peke yake bila kushikwa na habu. Ukikaza gurudumu likiwa juu ya jeki, pole pole, kwa msalaba, inaweza kukaa katikati. Ukikaza kwa haraka, usukani unatetemeka na utazunguka gereji zote kutafuta balansi. Za Pajero ndizo usijaribu kabisa, tundu ni 67, habu haipiti. Na usinunue za Land Cruiser 78 au 79 za kuanzia 1999, zile ni stadi 5.

Angalia na ofseti, yaani umbali wa uso unaofungwa kwenye habu kutoka katikati ya upana wa rimu. Ukitoka 10 kwenda -25, kila gurudumu limetoka nje milimita 35. Inapendeza machoni, ila beringi za mbele zinabeba kama mtu anayeinua ndoo mkono umenyooka.

Bi_Changarawe
Chuma ikipigwa na jiwe inapinda, unainyoosha kwa nyundo unafika nyumbani. Aloi ikizidiwa inapasuka. Kwa kazi yako sioni hata mjadala.

Meno: chukua AT (za njia zote). MT (za tope) nilizitumia mwaka mmoja na nusu, kwenye lami zinalia kama nyuki, na lami iliyolowa zinateleza kuliko unavyotarajia kwa sababu meno ni mabonge makubwa yenye mikato michache.

Kifaru75
Narudi na mrejesho. Nimechukua 235/85R16 AT tano, 120, na rimu za chuma za kipande kimoja inchi 6.5, tundu 106, tyubulesi (bila tyubu). Jirani na Patrol yake tumebaki marafiki.

Kilichonipa kazi ni nati. Gari nililinunua likiwa na nati 4 za zile za aloi, zenye shingo ndefu na washa bapa, zimechanganywa na za kawaida. Rimu ya chuma inataka nati ya koni. Fundi alikuwa tayari ameshaanza kukaza, nikamwomba azitoe zote tuzipange chini kwenye gunia, ndipo tukaziona. Nimenunua za koni 24 mpya. Baada ya kilomita 80 nimekaza tena, 3 zilikubali robo mzunguko.

Usukani umekuwa mwepesi kidogo, na kelele ni ya kawaida. Swali la mwisho: rimu za pete 5 nizifanyeje? Nilifikiria kuacha moja iwe spea ya pili.

Lumo_4x4
Spea ya pete, tyubu ya 2012, usiku, kwenye mvua, mwanao ndiye anayejaza upepo. Hapana mkuu.

Bi_Changarawe
Kama hazina kutu mtafute mwenye 75 nyingine anayezihitaji, umpe na pete zake zilizokuja nazo, usizichanganye. Zenye kutu zikate pete kwa grainda kabla hazijatoka uani, mtu asije akaziokota akazifunga.

Kifaru75
Mbili zina kutu. Grainda naazima kesho.