Utumishi inatupima sisi watumishi. Yenyewe inapimwa kwa kipimo gani?

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Tangu PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma Tanzania, ilipochukua nafasi ya OPRAS, ule wa zamani wa kujaza fomu, mwalimu wa kijijini anatakiwa kuingiza majukumu yake kwenye mfumo, kusubiri msimamizi ayaidhinishe, kisha aeleze ametekeleza kiasi gani, hata kama kupata mtandao kunamlazimu kupanda kilima baada ya vipindi na kujinunulia bando. Sipingi kupimwa. Ninachopinga ni kipimo kinachoshuka tu na kisichopanda.

Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, ambayo tunaiita Utumishi, ndiyo inayosimamia sera ya watumishi wote wa umma. Kila mwaka wa bajeti inaliambia Bunge ni watumishi wangapi wamepandishwa vyeo na malimbikizo ya mishahara kiasi gani yamelipwa. Hizo ni hesabu za kazi iliyofanyika. Uongozi wa sera hupimwa kwa kitu kingine: mtumishi alisubiri muda gani kati ya kustahili haki yake na kuipata.

Tazameni OPRAS yenyewe. Ilianza mwaka 2004, ikiwa na ahadi kwamba mtumishi na msimamizi wake watakaa pamoja, wakubaliane malengo, wayapitie katikati ya mwaka na kufanya tathmini mwezi Juni. Sisi tuliokuwapo tunajua fomu nyingi zilivyojazwa: malengo na tathmini viliandikwa siku moja, msimamizi akatia saini, jalada likafungwa. Hali hiyo ilidumu karibu miaka ishirini. Mwezi Aprili 2017 ilipotangazwa kwamba watumishi 9,932 wamebainika kuwa na vyeti vya kughushi, nilijiuliza ni wangapi kati yao walikuwa wakijaziwa fomu zile zile na kupewa alama nzuri. Mfumo ukafutwa, ukaletwa mwingine, lakini sijasoma popote alama aliyopewa aliyeusimamia ule wa kwanza.

Na uhakiki wa watumishi hewa na wa vyeti, ambao ulihitajika kweli, gharama yake tuliibeba sisi tuliokuwa na vyeti halali. Juni 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya, upandishaji vyeo na nyongeza za mishahara, na waliokuwa wamefikisha muda wa kupanda wakabaki pale pale. Ndipo baadaye tukaanza kuzungumzia madaraja ya mserereko, yaani kumpandisha mtumishi aliyecheleweshwa hadi daraja alilopaswa kuwa nalo, kana kwamba kurudishiwa ulichostahili ni zawadi.

Mimi nilipokea barua ya kupanda daraja, nikafanya kazi za cheo kipya huku nikilipwa mshahara wa zamani. Kila nilipokwenda kwa ofisa utumishi wa mwajiri wangu, jibu lilikuwa nisubiri mfumo. Mwenzangu wa shule ya jirani alistaafu katikati ya kusubiri kwa namna hiyo, mafao yake yakakokotolewa kwa mshahara wa daraja la zamani, na hadi leo anafuatilia tofauti hiyo kwa nauli yake mwenyewe. Huyu angepewa alama gani na mfumo wowote, na aliyemchelewesha angepewa ipi?

Kwa hiyo ninadai takwimu za kila halmashauri zichapishwe kila mwaka: siku zinazopita kati ya barua ya cheo na mshahara mpya, madai ya malimbikizo yaliyozidi mwaka mmoja bila kulipwa, na rufaa ambazo watumishi wameshinda mbele ya Tume ya Utumishi wa Umma, kwa sababu kila rufaa inayoshinda inaonyesha mwajiri ambaye hakuongozwa vizuri.

Wakati tunasubiri, tuanze wenyewe hapa. Andikeni tarehe ya barua na mwezi ambao mshahara ulibadilika, bila kutaja jina lenu wala la mwajiri. Barua yangu ni ya Juni 2022. Mshahara ulibadilika Agosti 2023, na malimbikizo ya miezi hiyo bado sijalipwa.