Eti "simu kubwa, nauli hakuna"! Nimedhalilishwa getini leo na wale wenye programu yao ya nauli

Binti Mjimwema

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira. Wahusika siwataji, mnawajua. Wale wa mabango ya dada anayecheka na simu. Sitaji ni geti la wapi, wanaojua wanajua.

Asubuhi hii nimefika getini, foleni nyuma yangu mkia wake uko Zanzibar. Naweka simu kwenye kile kioo kinachosoma msimbo. Kimya. Naongeza mwanga wa simu. Kimya. Naigeuza. Taa nyekundu. Na hapohapo meseji imeshaingia: hela imekatwa, asante kwa kutumia huduma yetu. Namwonyesha dada wa getini ile meseji. Hata hakuisoma. Kaitazama simu, kanitazama mimi kuanzia kandambili mpaka kilemba, halafu kapaza sauti mpaka samaki wa Feri wakasikia: "Simu kubwa, nauli hakuna. Pisha wenzako."

SIMU KUBWA, NAULI HAKUNA. Mimi! Nauli nimelipa, hela wanayo wao, meseji ninayo mimi, halafu ninayepishwa pembeni kama mwizi wa kuku ni mimi! Watu wakaangua kicheko. Kuna mbaba mmoja wa tai alicheka mpaka akashika nguzo.

Hii programu si ilikuja na ahadi ya kutuunganishia usafiri wote? Mtu wa Kigamboni anatoka kwake na bajaji, anavuka kwa pantoni, akishuka Feri hatua chache tu yuko mwendokasi, akishuka huko mbele anadandia daladala. Safari moja ya mtu mmoja, na kila chombo kina mfuko wake: kadi ya huku, salio la kule, msimbo wa pale, na sarafu za konda. Salio lako la huku ukifika kule halijulikani, utadhani umevuka mpaka.

Na msiniambie haiwezekani. Mitandao ya simu ilianza kupokeleana pesa 2014, Voda akajiunga 2016, na leo unamtumia mtu wa laini yoyote bila hata kumuuliza yuko mtandao gani. Kampuni zinazogombania wateja usiku na mchana zimeelewana, ila pantoni, basi na daladala za mji mmoja zishindwe kusoma salio moja? Ninachotaka ni kidogo. Salio moja lisomeke kote, na hela ikishakatwa geti lifunguke au hela irudi palepale. Siyo hadithi za "subiri saa 72". Hilo nimeambiwa na huduma kwa wateja, baada ya kusikilizishwa muziki wao mpaka nimeujua kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Lakini hela, tuseme nimeiachia. "Simu kubwa, nauli hakuna" siiachii. Mbele ya kadamnasi! Na hiyo simu kubwa mnajua nimeinunua kwa nini? Kwa sababu programu yao ilikataa kuingia kwenye ile simu yangu ndogo!

Nawasilisha.

Kipara wa Goba

Uzi bila picha ni batili. Weka simu tuione ukubwa wake.

Sina Haraka

Hahahaha "simu kubwa, nauli hakuna". Dada wa getini apewe jimbo.

Binti Mjimwema

Cheka tu. Geti halichagui, zamu yako inakuja. Na alivyolisema sasa, kwa kuvuta maneno, "siiimu kubwa". Nikikumbuka damu inachemka upya.

Babu Ungindoni

Pole sana mwanangu. Mimi nalipa taslimu, sina shida na mtu.

Sina Haraka

Babu, taslimu na chenji je?

Konda wa Gombo

Nyie mnaotaka salio moja mpaka kwenye daladala, mnajua gari linavyoendeshwa? Jioni tajiri anataka hesabu yake kamili, abiria wawepo wasiwepo. Kabla ya hapo mafuta, mpiga debe anataka chake mlangoni papo hapo, tairi likipasuka ni leo. Kinachobaki ndicho changu na dereva. Sasa hela zikiingia kwenye programu zikalala huko hadi kesho, mafuta ya saa nne naweka na nini? Meseji? Mwenye hiyo programu aje anishikie mlango Gongo la Mboto mpaka mjini siku moja tu, halafu tuongee.

Binti Mjimwema

Basi itengenezwe hela iingie kwako kila abiria anaposhuka, na fungu la tajiri likatwe humohumo. Tatizo ni nini?

Konda wa Gombo

Tatizo tajiri ataona kila kitu.

Mama Wawili Tabata

Konda umejileta mwenyewe. Chenji zetu ziko wapi? Mtu anakupa buku, unamwambia "nakuja mama", unarudi mlangoni kuning'inia mpaka kituo chake kinapita. Na kugeuza je? Gari imeandikwa Mbezi, ikifika Kimara "mwisho hapa, tunageuza". Hao ndio wa kufunguliwa uzi, siyo geti.

Konda wa Gombo

Mama, Mbezi siyo njia yangu.

Mama Wawili Tabata

Ninyi wote ni njia moja.

Mtu wa Umoja

Poleni majirani. Huku Nairobi tuliyaona haya mapema. 2013 Google na benki ya Equity walileta BebaPay, kadi ya kugusa ndani ya matatu. 2014 serikali ikaagiza magari yote yaache pesa taslimu. 2015 BebaPay ikafungwa, na agizo lenyewe likafia njiani. Makanga walitaka pesa mkononi, kama huyo ndugu konda anavyosema. Leo unalipa kwa M-Pesa, kila gari na namba yake, na makanga bado anakuuliza "wewe umelipa?" huku umemshikia meseji usoni.

Sina Haraka

Wakenya kila uzi lazima mwingie na M-Pesa.

Mtu wa Umoja

Kwani ilianzia wapi? 2007, hapa kwetu.

Kipara wa Goba

Ilianzia kwenu, tozo ya miamala ya 2021 tukala sisi. Ile siku nilituma hela kijijini nikadhani nimenunua shamba.

Mama Wawili Tabata

Usinikumbushe tozo. Mimi nilirudi kuweka hela kwenye kopo.

Mbongo London

Huku basi halipokei taslimu tangu 2014. Unagusa kadi ileile ya benki kwenye basi na treni za chini, ukizunguka siku nzima wanakata mpaka kiwango fulani, hawazidishi hapo. Hicho ndicho anachodai mleta uzi.

Sina Haraka

Hapo umepata tu pa kututangazia kuwa uko London.

Binti Mjimwema

Jamani mwacheni, huyu ndiye peke yake aliyenielewa. Na kwa huko London sidhani kama kuna mtu wa getini anayemwambia abiria "simu kubwa"

Babu Ungindoni

Samahani kukatiza. Nani yuko Feri sasa hivi? Pantoni inavusha au tuzungukie darajani?

Kipara wa Goba

Inavusha moja, foleni ya magari imefika soko la samaki. Zungukia.

Babu Ungindoni

Darajani napo ni kulipia. Tangu lifunguliwe 2016 tunalipia kuvuka kwenda kwetu. Wa Goba unalipia nini wewe kwenda kwako?

Kipara wa Goba

Vumbi, babu. Njoo mvua zikinyesha uone tunavyolipia.

Mama Wawili Tabata

Barabara za Goba! Fungueni uzi wa hilo, nina ya kusema.