Kilishio, darubini au maua? Nataka kuwaona ndege wa uani kabla baridi haijakolea

MamaNeema_MN
Wanajamvi, salaam. Jumamosi naenda dukani na bado sijaamua, nisaidieni kabla hela haijapotea.

Tangu Agosti iishe, ua wangu wa nyuma hapa Minnesota, Marekani, umegeuka. Asubuhi kuna kaubaridi, mti wa mepo una tawi moja limeshakuwa jekundu wakati mengine yote bado kijani. Kuna maua ya ekinasea aliyoyaacha mpangaji wa zamani, vichwa vimekauka. Kila asubuhi ndege wadogo wa njano wananing'inia pale, wanachomoa mbegu mojamoja, makapi yanadondoka ngazini kwangu. Nikigusa pazia tu, wameruka.

Nina mawazo matatu: kilishio, yaani kile chombo cha bomba cha kuwawekea ndege chakula, na mfuko wa mbegu, au darubini niwaangalie nikiwa ndani, au hela yote niimwage kwenye maua ili mwakani waje wengi zaidi. Bajeti ni dola 100. Kipi kinalipa?

Mzee_Kibaoni
Binti yangu, umeuliza kama mtu anayempigia fundi na kusema "gari linagoma" halafu anakata simu. Nyumba ni yako au umepanga? Una paka? Jirani je? Miti iko umbali gani na mahali unapotaka kuning'iniza hicho kilishio? Dirisha unalochungulia ni kubwa kiasi gani? Bila hayo kila mtu atakuuzia anachokipenda yeye.

Njoro_Lowell
Darubini. Wacha maneno mengi.

Kilishio kinakuletea ndege wanaopenda mbegu, basi. Sasa hivi Septemba miti imejaa wapitanjia, wale wadogo wanaokula wadudu, na hao hawagusi alizeti hata uwape bure. Wanakaa juu kwenye majani usiku mmoja au siku mbili halafu wanaendelea kusini. Bila darubini utasikia tu tsip, tsip.

Chukua 8x42, yaani inakuza mara 8 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Watu wa dukani watakusukumia 10x42 wakikuambia inavuta zaidi. Ni kweli inavuta, lakini mkono ukitikisika kidogo na picha inatikisika, na eneo unaloliona ni dogo, kwa hiyo mpaka umpate ndege kwenye kioo ameshaenda. Kwa ua wa nyuma 8 inatosha kabisa.

Kijana_wa_Mbarali
Nasoma hapa nacheka peke yangu kwenye basi. Mimi utoto wangu wote nimeuamia mpunga Mbarali. Alfajiri uko shambani na manati na debe bovu, unapiga kelele mpaka sauti inakauka, kwelekwelea wakishuka wingu zima ukizubaa tu mzee hana mavuno. Leo Mtanzania mwenzangu anauliza alipe dola ngapi ili ndege WAJE kula 😂😂

Bibi yangu akisikia hili atasema tumerogwa huku ughaibuni.

Mzee_Kibaoni
@Kijana_wa_Mbarali cheka, lakini mtama uleule tuliokuwa tunaulinda ndio wanaotujazia kwenye mifuko ya bei rahisi huku. Angalia mbegu nyekundu za duara kwenye mchanganyiko wa ndege: mtama. Na ndege wengi wa upande huu wa mashariki hawautaki, wanautupa chini wakitafuta alizeti.

MamaNeema_MN
Asanteni. Shikamoo Mzee Kibaoni. Nimepanga, ni nyumba ya familia mbili, ua tunashirikiana na jirani. Paka sina. Kindi wapo, wengi, na mmoja ana kiburi. Mepo uko karibu na kibaraza, sijapima.

Darubini ya dola 100 itakuwa nzuri kweli, Njoro? Na hao wa njano wanaitwaje?

BintiMoshi_Ohio
Hao wa njano ni goldifinchi. Wanachelewa sana kuzaa, wanasubiri magugu yatoe mbegu na manyoya laini ya kujengea viota, ndiyo maana Agosti wenzao wamemaliza wao bado wana vifaranga. Sasa hivi dume anaanza kubadili manyoya. Mwezi ukiisha utamwona amekuwa kahawia-kijani, umdhanie ni ndege mwingine. Usije hapa Oktoba kulia kwamba wamekuhama. Mwangalie mbawa: nyeusi na michirizi myeupe, hiyo haipotei.

Kuhusu kilishio, ngoja nikupe yaliyonikuta, maana na mimi nilikuwa nimepanga kama wewe.

Nilinunua kilishio cha kibanda, kile chenye paa, duka moja kubwa hapa Columbus. Muuzaji akanifungia na mfuko mkubwa wa mchanganyiko, akasema hiki ndicho kila mtu anachochukua. Wiki ya kwanza raha tupu: ndege kadinali na mkewe, chikadii, hata blujei. Wiki ya pili wakaja shomoro. Hawa shomoro wa mjini wakishajua mahali hawaondoki, wanakaa juu ya kilishio wanatupa mtama chini kwa fujo mpaka wakute mbegu wanayoitaka. Halafu kwezi, kundi zima. Kadinali akakata mguu.

Chini ya kilishio pakawa na tabaka la mbegu na maganda. Mvua ikanyesha, likaota ukungu, likaanza kunuka. Usiku mmoja natoa takataka nikaona kitu kinapita ukutani, nikasema ni kindi. Kindi gani usiku? Panya. Walikuwa wameshachimba chini ya ngazi za jirani. Jirani, mama mmoja mpole sana, hakuniambia kitu. Alimwambia mwenye nyumba. Nikapokea barua, nikaambiwa gharama ya mtu wa panya naibeba mimi. Kilishio kilikuwa dola 30, panya wakanigharimu mara saba yake.

Na siyo hayo tu. Kipindi hichohicho nikaona finchi mmoja wa kichwa chekundu amekaa kwenye kilishio, haondoki hata nikisogea. Jicho moja limevimba limefunga, linatoa tongotongo. Ni ugonjwa wa bakteria unaosambaa kwa hao finchi, na vilishio vichafu vinauambukiza, maana kila mmoja anasugua uso kwenye tundu lilelile. Unatakiwa ukioshe kila wiki mbili hivi, dawa ya jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa, ukisuuze, ukauke kabisa ndipo ujaze tena. Muuzaji hakunitajia hata neno moja.

Kwa hiyo kama ua ni wa kushirikiana, ongea na jirani na mwenye nyumba KWANZA.

Papa_Bukavu_Iowa
Jambo bandugu. Mie niko Des Moines. Pole dada, lakini kosa haikuwa ya kilishio, ni ya mfuko. Weka alizeti nyeusi peke yake, ama ile iliyomenywa kabisa, maganda hayabaki chini. Uiweke juu ya mlingoti na ile sahani ya chuma ya kuzuia kindi, mbali na mti mita tatu ama zaidi kwa sababu kindi anaruka. Jioni unatoa.

Mie napenda zaidi mafuta ya ng'ombe kwenye kikapu cha waya. Kigong'ota anakuja kila siku. Lakini mungoje baridi, jua ya Septemba inayayeyusha, yanaoza.

Njoro_Lowell
@MamaNeema_MN ndio, kwa 100 utapata ya kuanzia, hata chini ya hapo ukitafuta iliyotumika. Usichukue zile ndogo za mfukoni, zinaingiza mwanga kidogo na ndege wazuri wanatoka alfajiri.

Na pakua programu ya Merlin kwenye simu, ya Chuo Kikuu cha Cornell, ni bure. Unaiwasha, inasikiliza, inakuandikia jina la ndege anayelia. Inakosea mara mojamoja, kwa hiyo usiandike kitu mpaka umeona kwa macho.

AshaWaMaua
Naona watu wanakimbilia vyuma na plastiki wakati jibu liko mbele ya macho yake. Dada, hao ndege wamekuja kwa sababu ya ekinasea zilizokauka! Kilishio unacho tayari, kimeota. Usikate hayo mabua hata jirani akisema ni uchafu. Mbegu zinaliwa mpaka theluji, na nyuki wadogo wanalala ndani ya mabua.

Ongeza asta za zambarau na goldenrodi. Hizo mbili ndizo hoteli ya Septemba: nyuki, vipepeo monaki wanaojaza mafuta kabla ya kwenda milimani Meksiko, kila mtu. Mbegu za maua ya asili za huko kwenu unaweza kuzimwaga Novemba, zikae chini ya theluji. Nyingi zinahitaji ule ubaridi ndipo ziote. Gharama haifiki hata dola 20.

Kijana_wa_Mbarali
Goldenrodi tena? Hilo ndilo gugu linalonitoa makamasi tangu nifike nchi hii. Kila Septemba macho mekundu, ofisini wanadhani nimekunywa. Msimshauri mtu alime ugonjwa.

AshaWaMaua
Unamsingizia. Anayekutoa makamasi ni gugu jingine, ragwidi. Inachanua wakati uleule, lakini maua yake ni ya kijani, madogo, huyaoni, na chavua yake nyepesi inapeperushwa na upepo. Ya goldenrodi ni nzito, inanata, inabebwa na wadudu. Huyu anaonekana kwa sababu ni wa njano, basi kesi yote anabeba yeye.

Kijana_wa_Mbarali
Mimi nikisogea karibu nalo napiga chafya. Wewe unaniambia pua yangu haijui?

AshaWaMaua
Haijui.

Mzee_Kibaoni
Haya, tusigombane kwa maua. Binti, hujajibu la dirisha. Si swali la urembo. Ndege wanaona miti kwenye kioo wanadhani ni njia. Makadirio ya watafiti hapa Marekani yanafika mpaka karibu bilioni moja kwa mwaka wanaokufa kwa kugonga vioo, na vuli ya huku, kabla ya baridi, ndiyo wengi wao hawana uzoefu, wamezaliwa juzi tu. Kilishio kiweke karibu sana na dirisha, chini ya mita moja ili akishtuka asiwe na kasi, au kipeleke mbali kabisa. Katikati ndipo pabaya. Au bandika vidoti upande wa nje, viachane kama sentimita tano. Kibandiko kimoja cha mwewe katikati ya kioo hakisaidii kitu.

MamaNeema_MN
Dirisha ni lile la mlango wa kuteleza, kioo kizima. Mwaka jana mmoja aligonga nikadhani watoto wametupa mpira 😔

Swali lingine: kuna kandege kadogo kama yule ndege chozi wa nyumbani kanapepea kwenye maua ya jirani, kijani mgongoni. Nikiweka maji ya sukari sasa hivi nitakachelewesha kusafiri kafe na baridi?

BintiMoshi_Ohio
Hakachelewi. Kinachomwambia aondoke ni siku kufupika, siyo chakula kuisha. Huyo ni ndege mvumaji, hana undugu na chozi ingawa wote wanafyonza maua. Chozi mara nyingi anatua ndipo anywe. Huyu anasimama hewani na anarudi kinyumenyume. Ana gramu tatu hivi, na wengi wao wanakata Ghuba ya Meksiko kwa mkupuo mmoja, kilomita 800 bila kutua. Sukari nyeupe kikombe kimoja, maji vikombe vinne, usitie rangi. Madume wameshatangulia, unaowaona sasa wengi ni majike na watoto. Kiache mpaka upite muda hujaona hata mmoja.

Dada_Leicester
Huku Uingereza mbayuwayu wamejaa kwenye nyaya, wiki mbili hizi watakuwa wameondoka. Napenda kufikiri wanakuja nyumbani kuwasalimia.

Mkaa_Njiro
Tutawapokea dada! Sisi Arusha mwishoni mwa Septemba na Oktoba ndio tunawaona, wao na keremkerem wa Ulaya, unasikia prruip prruip juu hata kabla hujawaona. Jakaranda nayo ndio inaanza. Kwa hiyo MamaNeema, wa kwako Minnesota nao wanakuja huku?

Njoro_Lowell
Hapana. Mbayuwayu ni jamii ileile, lakini wa Marekani wanashuka Amerika ya Kati na ya Kusini. Wa Ulaya ndio wa Afrika. Na wale wa Uingereza wenyewe wengi wanaishia Afrika Kusini, wakipita Sahara, si lazima wapite Arusha.

Dada_Leicester
Umeniharibia siku.

Papa_Bukavu_Iowa
😂 Bapite na Bukavu basi.

MamaNeema_MN
Nimeongea na mwenye nyumba leo. Kilishio amekataa mpaka aongee na jirani, maua amesema sawa "yakiwa nadhifu". Sasa nadhifu maana yake nini kwa mtu asiyetaka mabua makavu?

AshaWaMaua
Zungushia mawe ukingoni na ufyeke njia ndogo mbele. Watu wakiona mpaka wanaamini ni bustani.

Mzee_Kibaoni
Na hivyo vidoti vya kioo nunua kwanza. Mengine yafuate.

Njoro_Lowell
Darubini haihitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Nimemaliza.

Kijana_wa_Mbarali
Njoro unalipwa asilimia ngapi na watengeneza darubini?

Hodari_StPaul
Nimechelewa kuingia. MamaNeema kama uko Minnesota, achana na ua kwa siku moja, panda mpaka Duluth katikati ya mwezi, pale Hawk Ridge. Mwewe wanaotoka Kanada hawapendi kuvuka Ziwa Superior, wanafuata ufuko, wote wanabanana juu ya kilima kimoja. Wale wa mabawa mapana wanapanda na hewa ya moto wakizunguka, mamia kwa pamoja, halafu wanaachia mmojammoja kuelekea kusini. Septemba 2003 kuna siku walihesabiwa zaidi ya laki moja. Inategemea upepo, ukiwa wa kaskazini magharibi baada ya baridi kuingia ndiyo siku yake. Kuna watu wa kujitolea pale wanakuazima hata darubini yao uangalie.

MamaNeema_MN
Kutoka Minneapolis ni saa ngapi? Watoto wa miaka sita watavumilia?

Hodari_StPaul
Saa mbili na nusu hivi kwa gari. Chukua viti vya kukunja, uji kwenye chupa, na majaketi hata kama huku chini kuna joto. Sisi tunaenda Jumamosi ya wiki ijayo kama upepo utakubali, gari lina nafasi tatu, mafuta tunachanga.

Kijana_wa_Mbarali
Nafasi moja niwekeeni. Goldenrodi iko huko?

Hodari_StPaul
Barabara nzima kaka.