Uzamili: epidemiolojia au maikrobiolojia kwa anayetaka kuzuia magonjwa ya kuambukiza?

Njia_Panda: Wakuu, namaliza shahada ya afya ya jamii, nataka kazi ya kuzuia magonjwa ya kuambukiza. Nimepata nafasi mbili za uzamili, epidemiolojia (kufuatilia jinsi magonjwa yanavyoenea kwa watu) na maikrobiolojia (kuchunguza vijidudu maabara). Natakiwa kujibu wiki hii. Nichukue ipi?

Darubini: Maikrobiolojia. Wanaoharisha wote wanafanana kwa macho. Anayethibitisha kwamba ni kipindupindu ni mtu wa maabara.

MamaTakwimu: Mbona hujasema kama hesabu unaziweza? Umewahi kufanya kazi kituoni? Ada analipa nani?

Mfuatiliaji: Epidemiolojia. Nilitumwa kwenye mlipuko wa kipindupindu, nikakuta daftari lina jina, umri na tarehe ya mgonjwa kufika kituoni. Siku alipoanza kuharisha, hakuna. Dalili hutokea kati ya saa chache na siku 5 baada ya kuambukizwa, sasa bila siku hiyo utajuaje alikunywa maji ya wapi? Tukaanza upya nyumba kwa nyumba, tunahoji watu waliokwisha kusahau, wengine wako msibani. Muda wote huo watu wanachota kisima kilekile. Inaniuma hadi leo, kwa sababu ya safu moja tu kwenye daftari.

Darubini: Pole sana. Na sampuli?

Mfuatiliaji: Hazikuwekwa kwenye Cary-Blair, ute wa kuhifadhia sampuli za kinyesi zikiwa njiani kwenda maabara. Zilifika zimekauka.

Darubini: Umeona sasa! Maabara ingekuwepo tangu mwanzo, mngejua mapema.

Kinga_Kwanza: Mbona chanjo hamuitaji? Ndui haikutokomezwa na madaftari.

Mfuatiliaji: Wala chanjo peke yake. Kila mgonjwa alisakwa, wakachanjwa waliomzunguka. Ali Maow Maalin, wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida, alikuwa Merca, Somalia, 1977. Waliokutana naye walitafutwa mmoja mmoja.

Kinga_Kwanza: Kwa ndui sawa. Surua huambukiza siku 4 kabla ya vipele, utamkimbiza nani? Hapo ni kuchanja angalau 95% ya watu, basi.

MamaTakwimu: Jamani, mwenye mada hajanijibu.

Njia_Panda: Samahani mama. Hesabu naziweza kiasi, kituoni sijawahi. Maikrobiolojia nimepata ufadhili wote, epidemiolojia nusu ya ada.

Darubini: Chukua yenye ufadhili.

Mfuatiliaji: Usikimbilie. Uliza kwanza kama wanafunzi wa epidemiolojia wanapelekwa kwenye milipuko au wanaishia darasani.

MamaTakwimu: Na uulize kama wanafundisha programu ya R.

Kinga_Kwanza: R ya nini? Ajue kwanza kutunza chanjo kati ya nyuzi 2 na 8. Ya pepopunda ikiganda imeharibika, na wengi hawajui.

MamaTakwimu: Bila R data za milipuko atazichambua kwa mkono?