Kilimanjaro kwa njia ya Marangu: siku tano au sita kwa mtu wa Pemba?

Mwalimu, Wete:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Sisi ni walimu wa skuli hapa Wete na tumeazimia kupanda Kilimanjaro wakati wa likizo. Tumepewa bei mbili, ya siku tano na ya siku sita, na wenzangu wengi wanapendelea ya tano kwa sababu ni nafuu. Mmoja wetu, ambaye amezoea kuzamia pweza, anashikilia kwamba mwenye pumzi ndefu hadhuriwi na mwinuko. Je, hoja hiyo ni ya kweli?

Muuguzi, Unguja Mjini:
Waalaykum salaam, mwalimu. Si ya kweli, na namsihi mwenzako asiitegemee. Kule juu sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile ya hapa pwani, karibu asilimia 21, lakini mgandamizo wa hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda, hata akifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, kila pumzi humpa takriban nusu tu ya oksijeni anayoipata ufukweni. Mwili huzoea hali hiyo kwa siku kadhaa, wala nguvu za misuli haziiharakishi kazi hiyo. Tena kijana mkakamavu huweza kuumia zaidi, kwa kuwa hupanda mbio na huona haya kusema kwamba kichwa kinamuuma.

Tazama vituo vya Marangu: Mandara ipo kwenye mita 2,720, Horombo 3,720 na Kibo takriban 4,700. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, nanyi mtapanda karibu mara mbili ya hapo. Siku ya sita hukupeni usiku wa pili Horombo: mchana mnapanda hadi kwenye Miamba ya Pundamilia, kisha mnarudi kulala chini. Bado ni haraka, lakini lipieni siku hiyo kabla ya kitu chochote kingine.

Mpagazi wa zamani, Jambiani:
Naongeza la usalama. Mwenye maumivu ya kichwa na kichefuchefu asipande zaidi mpaka apate nafuu. Mwambieni atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, au akikosa pumzi hali ameketi, ateremshwe papo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Dawa iitwayo asetazolamaidi husaidia mwili kuzoea mwinuko ikianzwa siku moja kabla ya kupanda, ingawa huleta mkojo mwingi na ganzi ya vidole; muoneni daktari kwanza, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Mwenye selimundu asiende kabisa.

Mwalimu, Wete:
Ahsanteni sana. Tukitangulia kupanda Meru, itatufaa?

Muuguzi, Unguja Mjini:
Itafaa sana, kwani kilele chake kinapita mita 4,500, mradi mtoke huko moja kwa moja hadi Kilimanjaro. Mkirudi Pemba kwa wiki kadhaa katikati, mwili utakuwa umeshapoteza sehemu kubwa ya mazoea hayo.